Shangazi, nikihama programu ya studio nitakuwa nimemhama mume wangu?

Shangazi, shikamoo.

Nimesita sana kukuandikia. Wenzangu wanakuletea habari za talaka na mirathi, mimi langu ni programu ya kompyuta. Lakini limeninyima usingizi tangu kabla ya Ramadhani, na kila ninayemweleza anacheka. Tafadhali wewe usinicheke.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga. Nina studio ndogo kwenye chumba cha uani. Ukutani tumetundika mablanketi na magodoro mawili ya zamani, dirisha limezibwa kwa mkeka, na feni inazimwa kila tunaporekodi, kwa hiyo watu wangu hutoka wamelowa jasho. Narekodi kaswida za madrasa, vikundi vya kina mama vya harusi, na vijana wachache wa bongo fleva.

Studio hii tuliianzisha na mume wangu, na yeye ndiye aliyekuwa fundi. Mimi alinikuta sijui hata kuwasha laptopu. Akanikalisha kwenye kiti chake, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye mausi, akanionyesha jinsi ya kupanga ngoma kwenye FL Studio: kiki hapa, sineri hapa, hai-hati hapa. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Ndiyo maana, Shangazi, nikitaja hiyo programu sitaji kitu kikavu.

Miaka mitatu iliyopita alipata kazi Maskati akaondoka, studio akaniachia. Kila usiku watoto wakishalala, saa nne za huku ambayo kwao ni saa tano, namtumia faili la kazi niliyofanya mchana. Analifungua kwenye laptopu yake, anasikiliza, ananipigia. "Hapa besi imezidi. Hapa mpe huyu mtoto nafasi apumue." Siku nyingine anarekebisha mwenyewe na kunirudishia. Tunaongea muziki nusu saa, kisha tunaongea mengine. Jirani zangu wenye waume ng'ambo wananiambia simu zao zimebaki za "mmekula? watoto hawajambo? pesa imefika?" Sisi tuna hiki.

Sasa kazi imebadilika. Mume wangu alikuwa mtu wa biti. Mimi nimekuwa mtu wa sauti za watu. Kikundi cha kaswida kinakuja na watoto 12 na madufu, wanaimba dakika nane bila kusimama, wanarudia mara tano, nami natakiwa nichukue ubeti mzuri wa mara ya pili niuunge na ule wa mara ya nne. Sina ugomvi na FL Studio, kwa biti sijaona mfano wake. Ila kwa kazi hii mikono yangu inazunguka mno. Na nikwambie ukweli wote: nakala tunayotumia ni ya kraki, iliyovunjwa kufuli isilipiwe. Alipewa na rafiki kwenye fleshi zamani, pamoja na plagini, vile viprogramu vya nyongeza, chungu nzima za namna hiyo hiyo. Mwezi wa Rajabu, kikundi kikiwa ndani, ilijifunga katikati ya ubeti wa mwisho, mara tatu. Watoto makoo yamekauka. Ustadhi wao alisema tu, "Hakuna neno mama, tutarudi," lakini uso wake niliuona.

Kuna kijana anayerekodi kwangu, yeye ndiye aliyenionyesha Reaper, programu nyingine ya kurekodi. Nimeijaribu mwezi mzima na nimeipenda. Hata sauti naihisi ni safi zaidi. Kuchagua ubeti huu na kuacha ule ni kama kupeta mchele. Leseni yake ni dola 60, naweza kuilipa kwa kazi za wiki tatu, nikaacha kurekodi sifa za Mtume kwa kitu cha wizi. Hili la mwisho linaniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Nilipomwambia mume wangu alinyamaza. Kisha akasema, "Sawa. Wewe ndiye uliyeko studio." Toka siku hiyo kila usiku kachoka, tutaongea kesho. Nilimtumia mp3 ya kazi niliyoifanya kwenye Reaper, akajibu "Nzuri." Neno moja. Juzi ndiyo akaniambia kama ninataka cha halali, basi tununue FL Studio yenyewe, maana ukishanunua mara moja matoleo mapya unayapata bure maisha. Sikujua kama anajadili programu au ananiomba kitu kingine.

Mama mkwe wangu, tunakaa naye nyumba moja, alisikia akaniambia: "Mwanamke hahamishi jiko mwenye nyumba akiwa safarini."

Nina kazi zaidi ya 80 kwenye programu ya zamani. Kuna sauti ya bibi yangu mzaa mama, marehemu, akiimba nyimbo za harusi za Kidigo. Kuna wimbo wa kwanza tulioutunga mimi na mume wangu, hatujaumaliza hadi leo kwa sababu tulibishania ubeti wa pili. Naogopa nikihama vyote hivi vitabaki ng'ambo ya mto. Na Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unakaribia, madrasa tatu zimeshaniwekea miadi.

Nibaki? Nihame? Au nihame kimya kimya niendelee kumtumia mp3?

Mwenye Chumba cha Uani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Sicheki. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilizima redio kwanza.

Kama nimekuelewa, chombo unachofanyia kazi hakikukai tena mkononi, dhamiri yako inakusuta kwa namna mlivyokipata, na lile la saa nne usiku limeanza kupoa. Yote haya umeyafunga kwenye pindo moja la kanga ukalipiga fundo. Ukivuta moja, yanakuja yote. Mimi sitakufungulia, maana kanga ni yako, lakini tukae tulitazame fundo lenyewe.

Kwanza nikwambie kwa nini silioni dogo. Kabla ya safu hii nilifanya kazi redioni miaka mingi, enzi za tepu. Tepu ile ilikuwa na upana wa robo inchi, na ilipita kwenye mashine kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde. Mtu akikohoa katikati ya maneno yake, kikohozi kile kilikuwa kitu cha kushika. Nilizungusha magurudumu kwa mikono miwili, taratibu, huku na huku, mpaka nikakisikia kinapoanzia. Nikatia alama kwa penseli, nikakata mshazari kwa wembe, nikaunga kwa utepe wa gundi. Nilikuwa mtu ambaye wengine walimletea tepu zao zilizoshindikana. Kisha kompyuta zikaingia, na asubuhi moja nikawa mtu asiyejua kuhifadhi faili. Kijana aliyenifundisha alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulioniuma. Wiki kadhaa nilibaki baada ya kazi nikikata tepu ambazo hakuna aliyezihitaji, nipate tu kujisikia kuwa ni mimi. Wembe ule ninao hadi leo, kwenye kasha la cherehani.

Nakusimulia haya kwa ajili ya mume wako.

Umeandika kama vile wewe ndiye unayehama. Nikiisoma barua namwona yeye zaidi. Fundi aliyekufundisha kwa mkono wake, amemaliza kazi ya kutwa katika nchi ya watu, amefungua laptopu saa tano ya usiku, na kilichomfikia ni mp3. Fikiria tofauti yake, mwanangu. Faili la FL Studio ulilokuwa ukimtumia lilikuwa ufunguo wa jikoni: aliingia, akaonja, akapunguza chumvi, akafunika. Mp3 ni sahani iliyokwisha pakuliwa. Hawezi kuigusa besi, hawezi kumpa mtoto nafasi ya kupumua. Amebakiwa na kula na kusema "nzuri". Neno moja ulilolisoma kama ubaridi huenda lilikuwa ndilo pekee ulilomwachia nafasi ya kulisema. Huenda. Simjui mume wako, wewe ndiye unayemjua.

Kuna jambo jingine nataka nikuulize, na ulijibu moyoni mwako tu. Hayo maneno "kitu cha wizi" umeniandikia mimi, au na yeye ulimtamkia? Maana programu hiyo ndiyo aliyokupa, na mkono wake ukiwa juu ya wako. Alikupa alichokuwa nacho siku zile. Kama alisikia kwamba zawadi ile leo inaitwa wizi, kunyamaza kwake sikuoni kuwa ni hasira ya kompyuta. Na tazama alivyorudi juzi: ulisema unataka halali, naye akakuletea njia ya halali. Ulilisikia pendekezo lile kama kikwazo. Linaweza pia kuwa ni mtu anayekuambia, nimekusikia kuhusu dhamiri yako, tutengeneze pamoja.

Mama mkwe naye usimwekee kinyongo. Mwanawe yuko mbali, na kila alichokiacha mahali pake kwake ni kama yupo. Hajui Reaper wala FL Studio. Anajua kiti cha mwanawe.

Sasa tuje kwenye studio yenyewe, kwa sababu kuna mambo mawili uliyoyaandika kwa uhakika ambayo ningependa uyapime tena.

Umesema kwenye Reaper sauti unaihisi safi zaidi. Sikukatalii masikio yako, lakini programu hizi zote zikipokea sauti ile ile kutoka maiki ile ile, zinahifadhi namba zile zile. Usafi unatoka kwenye maiki, umbali wa mtoto na maiki, mablanketi yako, na feni uliyoizima. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na vyombo vya wakati ule ungevionea huruma, lakini akiimba bado nywele zinasimama. Inawezekana kilichokuwa safi zaidi ni wewe: mwezi huo ulisikiliza kwa makini kwa sababu kila kitu kilikuwa kigeni. Jaribu hivi. Chukua kaswida moja, sauti tupu bila plagini hata moja, itoe kutoka programu zote mbili kwa kiwango kimoja cha sauti, umwombe mtoto wako mkubwa acheze moja baada ya nyingine bila kukuambia ipi ni ipi. Ukijua jibu, sababu yako moja ya kuhama itapata nguvu au itatoka njiani. Zote mbili ni faida kwako.

La pili, intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. Hukuniambia yako ina matundu mangapi ya maiki. Kama ni mawili, kama zilivyo nyingi za nyumbani, basi watoto 12 na madufu wataendelea kuingia kwa matundu mawili hata ukiwa na programu ya dunia nzima. Huenda sehemu ya uchovu wako iko hapo. Nimeona watu wakibadili programu kumbe walihitaji tundu la tatu.

Lakini kuhusu kuchagua beti nakuamini kabisa. FL Studio ilizaliwa mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikiwa chombo cha kupanga ngoma hatua kwa hatua, na ingawa leo inarekodi na inaweza kukusanya mara nyingi za kuimba, tabia ya mzaliwa haijifichi: bado inafikiri kwa vipande vinavyojirudia na tempo iliyonyooka. Dufu la madrasa halifuati metronomu. Linakimbia kidogo kiitikio kinapopanda moto, na ndivyo linavyotakiwa. Reaper ilianza kama meza ya kukatia sauti, na tangu toleo la 7 la mwaka 2023 unaweza kuzipanga zile mara tano kwenye mistari, moja juu ya nyingine, ukapitisha mausi pale unapotaka. Mtu anayekata sauti za watu kutwa nzima ana haki ya kutaka hivyo. Hiyo ni sababu ya kazi, wala si usaliti.

Tuliangalie basi wazo la mume wako. Ni kweli, mwenye FL Studio akinunua leseni hupata matoleo yanayofuata bila kulipa tena. Faida yake kwenu iko wazi: kazi zenu 80 zinabaki zinafunguka, na ufunguo wake wa jikoni unabaki mfukoni mwake. Angalieni lakini mambo mawili kabla ya kutoa pesa. Huuzwa kwa madaraja yasiyolingana, na lile la bei ya chini kwa miaka mingi lilikuwa na mipaka katika sauti za kurekodi, kwa hiyo someni vizuri kabla hamjalipa. Daraja linalowafaa litazidi sana hizo dola 60 zako. Na leseni haitazigeuza zile plagini za kraki kuwa halali. Kazi za zamani zitafunguka zikiwa na mapengo pale plagini hizo zilipokuwa. Ukitaka kuijaribu kwanza, kumbuka kwamba ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi kazi lakini haikuruhusu kuifungua tena mpaka ununue, kwa hiyo kaswida ya mtu usiiweke humo. Na ukishafanya yote hayo, mikono yako inayozunguka bado itazunguka. Je, utaivumilia kwa moyo mweupe, au baada ya mwaka utamhesabia mume wako kila ubeti?

Kuhama kabisa nako kuna bei yake. Reaper inakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili. Ya dola 60 ni kwa mtu binafsi, au biashara isiyopita dola 20,000 kwa mwaka, na sidhani kaswida za Makorora zimefika huko. Ila ujue jambo hili: siku 60 zikiisha haijifungi. Inakukumbusha tu kila ukiifungua. Wewe uliyeniandikia juu ya dhamiri, ulijue kabla, maana hapo hakuna atakayekuzuia isipokuwa wewe. Halafu kuna msimu. Umeshajua kukata beti, lakini siku programu itakapokataa kuitambua intafesi, kikundi kikiwa ndani na umeme wenyewe wa wasiwasi, utamkimbilia nani saa hiyo? Zamani ulimpigia Maskati. Kwa miadi ya Mfungo Sita ningependa ujiulize ni kazi ipi unaweza kuikosea bila kumuumiza mtu, na ipi huwezi.

Swali lako la mwisho, la kuhama kimya kimya, ndilo lililonifanya nizime redio. Unaweza. Atapata mp3 zake, nawe utapata kazi nyepesi. Sitakukataza, lakini itakubidi kila usiku uongee naye juu ya chumba ambacho hayumo tena, naye hajui.

Kuna na njia ya kuwa na nyumba mbili. Watu wengi wa kazi hii huishi hivyo bila kelele. Kwenye Windows, FL Studio ya halali inaweza kuingizwa ndani ya programu nyingine kama chombo, kama unavyoingiza kinanda, kwa hiyo biti zikapigwa humo na sauti zikakatwa Reaper. Au yeye atengeneze biti kule kwenye FL Studio yake, akutumie traki moja moja kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa kama mp3, zote zikianzia sifuri, na namba ya tempo ameiandika. Na kwa upande wa saa nne usiku, ujue faili la kazi la Reaper ni maandishi matupu, linaishia .RPP, na huwa jepesi ajabu. Sauti ukishamtumia mara moja, kila usiku unamtumia faili dogo tu lisilomaliza bando, analifungua, anashusha besi, anakurudishia. Programu yenyewe ya Windows kuipakua haifiki megabaiti 20. Ufunguo wa jikoni upo, mwanangu, ila ni wa jiko jingine, na atalazimika kukubali kuwa mgeni humo siku za mwanzo. Hatari yake ni kwamba nyumba mbili zinataka kufagiwa mbili: leseni mbili, kukubaliana mapema mnarekodi kwa sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde, kutopotezana nani ana toleo la mwisho. Na huenda akasema hataki. Mtu mwenye uchovu wa ugenini ana haki ya kutotaka somo jipya saa tano ya usiku.

Kuna jambo moja ambalo nitalisema kwa msisitizo, na halimo kwenye kuhama wala kubaki. Okoa sauti. Hofu yako ya ng'ambo ya mto ni ya kweli, kwa sababu Reaper haiwezi kufungua faili la FL Studio. Lakini na huko uliko si salama: nakala iliyojifunga mara tatu mbele ya ustadhi inaweza isifunguke siku yoyote. Anza na bibi yako. Leo, usingoje kesho. Fungua kazi ile, nenda kwenye kutoa WAV, chagua kila chaneli ya miksa itoke peke yake, kwa ubora wa biti 24 (hizi ni za kompyuta, si biti za ngoma). Toa mara mbili kama unaweza, moja na madoido yake, moja sauti tupu. Kwa 44,100 traki moja ya mono inachukua kama megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika sita wenye traki 16 haufiki gigabaiti moja, na kazi zako 80 na ushei, zikiwa za ukubwa huo na ukizitoa mara moja, hazitafika gigabaiti 100. Weka kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Utapoteza uwezo wa kubadili nota za ngoma, isipokuwa ukitoa na MIDI, faili la nota zenyewe, na mipangilio ya plagini haitakufuata. Lakini sauti ya bibi akiimba Kidigo itafunguka kwenye kompyuta yoyote, kwa programu yoyote. Huu ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mji uliomkuza mwimbaji Shakila, na nyimbo za harusi za bibi zetu wengi hazikubahatika kukaa mbele ya maiki. Zako zilibahatika. Usiziache ndani ya fleshi ya rafiki.

Kuhusu dhamiri, mimi si wa kutoa fatwa, na ustadhi aliyekuambia "hakuna neno" anaweza kukujibu vizuri kuliko mimi. Nitasema tu kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inayolinda nyimbo unazorekodi, ndiyo hiyo hiyo inayolinda programu za kompyuta, kwa hiyo moyo wako haukusuti bure. Lakini jihurumie. Ulianza na ulichopewa, na ulichopewa kilitoka kwa mtu aliyekupenda. Unaweza kutaka kukiacha bila kukitukana.

Sasa ule wimbo wenu wa kwanza. Umeutaja katikati ya hesabu za mafaili, nusu sentensi, kama mtu anayepita haraka mbele ya mlango. Mimi nimesimama hapo. Hauna mteja, hauna miadi, hakuna ustadhi anayeusubiri. Kama ungependa kujaribu kitu chochote pamoja naye kabla ya kuamua, sioni kazi nyingine inayoweza kubeba majaribio hayo bila kumwonea mtu. Traki zake zitatoka FL Studio kama zile za bibi. Zinaweza kufunguliwa Reaper huku na Maskati usiku mmoja, nyote wawili mkiwa wanagenzi, wewe umemtangulia kwa mwezi mmoja tu. Au zinaweza kubaki zilipo, mkaumalizia kule kule mlikouanzia. Hilo mtaamua wenyewe.

Ila usiku huo, watoto wakishalala, mkishasalimiana, usianze na habari za programu. Muulize ule ubeti wa pili alitaka uishie wapi.

Shangazi